Kufuatilia kemikali sugu kwenye maji, mashapo na wanyama: mwongozo kamili kuanzia chupa hadi ripoti

Watu wengi wakisikia habari ya kupima kemikali sugu wanawaza mashine kubwa za maabara, na kweli mashine zina umuhimu wake, ila mimi kwenye hii kazi nimeona data nyingi zikifia mtoni kabla hata hazijafika maabara. Chupa ilikuwa ya aina isiyofaa, samaki wa mwaka huu wadogo kuliko wa mwaka jana, lebo imefutika kwenye barafu, hamna aliyekumbuka kuchukua sampuli tupu, yaani maji safi ya maabara yanayopita njia ile ile ya sampuli ili uone uchafu uliouleta mwenyewe. Mashine itakupa namba tu hata ukiipelekea uchafu wa mikono yako, na hiyo namba itakaa vizuri kabisa kwenye jedwali, hakuna atakayejua. Kwa hiyo humu nitakaa sana kwenye kazi ya nje na maamuzi ya kabla ya kutoka, maana hapo ndipo kazi inapokufa au kupona.

Kwanza ujue unawinda nini

Kemikali sugu ni zile ambazo zikishaingia kwenye mazingira hazivunjiki kirahisi, zinasafiri mbali kwa upepo na maji, na zinajilimbikiza mwilini. Mkataba wa Stockholm uliopitishwa 2001 na kuanza kutumika 2004 ulianza na kemikali 12, kina DDT (dawa ya wadudu), PCB (mafuta ya transfoma), dioksini na furani (zinazotoka kwenye uchomaji), aldrini na dieldrini (dawa za wadudu) na wenzao, alafu orodha ikaendelea kukua: lindani na PFOS 2009, endosulfani 2011, PFOA 2019, PFHxS 2022 (hizi zinazoanza na PF ni za ukoo wa PFAS, nitaueleza sasa hivi). Zebaki ina mkataba wake, ule wa Minamata wa 2013, ila kwa vile nayo inapanda kwenye mnyororo wa chakula watu wengi wanaipima kwenye samaki wale wale.

Cha kushika hapa ni kwamba kuna koo mbili zenye tabia tofauti kabisa, na ukizichanganya umeharibu kila kitu kinachofuata. Ukoo wa kwanza ni wapenda mafuta, yaani DDT, PCB, dioksini na zile za kuzuia moto zenye bromini. Hizi zinayakimbia maji. DDT inayeyuka majini kiasi cha mikrogramu chache tu kwa lita, kwa hiyo ikitua mtoni inatafuta kitu cha kung'ang'ania, chembe za tope zenye mboji, mafuta ya samaki, mafuta ya ndege anayemla samaki. Ukoo wa pili ni PFAS, zile za povu la kuzimia moto na vitu visivyoshika maji wala mafuta. Hizi hazikai kwenye mafuta, zinashika protini, ndo maana unazikuta kwenye damu na ini, na zile zenye mnyororo mfupi zinayeyuka vizuri na kwenda na maji popote yanapokwenda.

Ukishaelewa hivyo unajua pa kutafuta. Mtu anayetafuta PCB kwenye lita moja ya maji ya mto atarudi na "haikuonekana" akadhani mto ni msafi, kumbe PCB zote ziko chini kwenye tope na kwenye minofu ya samaki wanaokaa hapo. Na anayetafuta PFAS za mnyororo mfupi kwenye mashapo peke yake atazikosa, maana zimeshapita na maji.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kununua chupa

Sentensi moja tu, kwenye karatasi. "Je, hili dampo linavujisha PFAS mtoni?" ni swali moja. "Je, DDT kwenye hili ziwa inapungua?" ni jingine kabisa. "Je, hawa samaki wanafaa kuliwa?" ni la tatu. La kwanza linataka maji na mashapo, juu na chini ya dampo, ndani ya siku moja. La pili linataka kiumbe yule yule, sehemu ile ile, msimu ule ule, kila mwaka kwa miaka mingi, na miaka mitatu haitakuonyesha kitu maana samaki wenyewe kwa wenyewe wanatofautiana sana. La tatu linataka mnofu ule ule ambao watu wanakula kweli, kwa namna wanavyoukula, na ngozi au bila ngozi.

Nimeona mradi mmoja ukijaribu kujibu yote matatu kwa sampuli ishirini. Haukujibu hata moja.

Alafu chagua vituo. Kimoja angalau kiwe juu ya chanzo unachokishuku, ambako unaamini hamna kitu, maana bila hicho huwezi kusema namba zako ni kubwa ukilinganisha na nini. Na vibali vitafute mapema sana, hasa kama utagusa mayai ya ndege, mamalia au eneo la hifadhi, sio unafika na boti ndo unaanza kuuliza.

Hatua ya 2: Vyombo, na hapa usifanye mzaha

Kwa wapenda mafuta unatumia kioo, chupa ya kahawia ili mwanga usiingie, imeoshwa, imesuuzwa kwa asetoni na heksani (vimumunyishi, yaani vimiminika vinavyoyeyusha mafuta), kifuniko kina bitana ya Tefloni. Mashapo yanaingia kwenye chupa za kioo zenye mdomo mpana, samaki na mayai yanafungwa kwa foili ya alumini iliyosuuzwa kwa asetoni. Plastiki laini kaa nayo mbali, inanyonya unachokitafuta na inatoa vitu vyake.

Kwa PFAS geuza karibu kila kitu. Chupa ni ya HDPE (polietilini ngumu) au polipropilini, maana PFAS zinaweza kung'ang'ania kuta za kioo, na Tefloni ni marufuku kabisa kwa sababu yenyewe ni jamaa wa PFAS. Na sio chupa peke yake. Koti la mvua lisiloshika maji, buti zilizopuliziwa dawa ya kuzuia maji, baadhi ya mafuta ya kupaka na ya kukinga jua, daftari la karatasi isiyolowa, mifuko ya chakula isiyopitisha mafuta, vyote hivyo vinaweza kukuletea PFAS ambazo mto hauna. Vaa nguo za pamba zilizofuliwa mara nyingi bila dawa ya kulainisha, glavu za nitraili, andika kwa penseli au kalamu ya kawaida.

Kuna msimu tulikusanya maji vituo vinane, majibu yakarudi na PFOS vituo vyote, hata kile cha juu kabisa ambako hamna kiwanda, hamna barabara, hamna kitu. Kilichotuokoa ni sampuli tupu ya nje, ile ya maji safi ya maabara tuliyoifungua na kuimimina pale pale mtoni, ilikuwa na kiasi karibu sawa na mto. Tukarudi nyuma kitu kimoja kimoja, ikaja kuonekana ni koti la mwenzetu aliyekuwa anashika chupa, mikono yake inachuruzika maji ya mvua moja kwa moja mdomoni mwa chupa. Kazi ya wiki mbili ikarudiwa yote. Ila bila ile chupa moja tungeandika ripoti kwamba mto mzima umechafuka, na watu wangeamini.

Hatua ya 3: Kuchota maji

Simama ukiangalia mto unakotoka, ukiwa chini ya pale unapochota, ili tope unalolikoroga kwa miguu liende nyuma yako. Zamisha chupa ikiwa imefungwa, ifungue ikiwa chini kama sentimita 15, ijae, ifunge huko huko. Usichote juu kabisa, maana ile ngozi ya juu ya maji na povu hukusanya kemikali kuliko maji yenyewe, PFAS hasa zinapenda povu sana. Kama unataka kuijua hiyo ngozi basi ichukue kama sampuli yake peke yake, iandikwe hivyo.

Usisuuze chupa kwa maji ya mto kabla ya kujaza, hata kama ulifundishwa hivyo kwenye vipimo vingine. Kemikali hizi zinashika kwenye kuta za chupa, kwa hiyo ukisuuza unaziacha humo za ziada. Kwa sababu hiyo hiyo mwambie mtu wa maabara atumie chupa nzima alafu aisuuze ndani kwa kimumunyishi, asimimine nusu. Na kuchuja nako fikiri vizuri, chujio linakula PFAS, na kwa wapenda mafuta ukichuja umetupa zile chembe ambazo ndo zimebeba mzigo.

Pima na uandike pale pale joto la maji, pH, upitishaji umeme, kiasi cha tope na hali ya mto, umejaa au umekauka, mvua ilinyesha lini. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huwa inasomba vitu vingi sana toka nchi kavu, na chupa ya siku hiyo na chupa ya wiki tatu baadaye ni kama mito miwili.

Hapo ndo udhaifu wa kuchota maji unapoonekana: chupa ni sekunde moja ya maisha ya mto. Kama una uwezo, tumia vinasio vinavyoachwa majini, vipande vya silikoni au karatasi nyembamba ya polietilini kwa wapenda mafuta, unavifunga ndani ya kizimba cha chuma na kuviacha wiki kadhaa vinyonye polepole. Kabla ya kuvizamisha maabara inaviwekea kemikali alama ambazo hazipo kwenye mazingira, na kiasi cha alama kilichotoka kinakwambia kinasio kilikuwa kinabadilishana na maji kwa kasi gani, ndo unapata wastani wa kweli wa mkusanyiko majini. Vifunge mahali ambapo havionekani na mtu, vingi vinapotea kwa kuchukuliwa. Na chukua kinasio kimoja cha ziada ukifungue hewani kwa muda ule ule unaozamisha wengine, maana hewa yenyewe ina PCB na silikoni inainyonya hapo hapo.

Hatua ya 4: Mashapo

Hapa napenda sana, maana tope halisahau. Lakini lazima uchague tope lenyewe. Mchanga haushiki kitu, unahitaji ule mfinyanzi laini uliotulia, na huo unaupata pale maji yanapopoteza nguvu: upande wa ndani wa kona ya mto, nyuma ya banio, sehemu ya kina ya ziwa, kwenye mlango wa mto unapokutana na bahari. Ukiusugua kati ya vidole vyenye glavu unateleza kama siagi, hausikii punje.

Kifaa cha kawaida ni kile cha kung'ata cha Van Veen, taya mbili za chuma unazishusha kwa kamba na zinafunga zikigusa chini. Kishushe taratibu mita ya mwisho, ukikiachia kinakuja na wimbi linalopeperusha ule utando wa juu ambao ndo unautaka. Kikipanda, kabla hujafanya chochote kiangalie. Taya zimefunga kabisa au kuna kijiwe kimebana na maji yanavuja? Maji yaliyo juu ya tope ni maangavu au yamevurugika? Uso wa tope uko tambarare, una vile vishimo vya minyoo, ile rangi ya kahawia ya juu alafu nyeusi chini? Tope limegusa kifuniko cha juu, yaani kimejaa kupita kiasi? Kama jibu lolote ni baya mwaga kwenye ndoo, usimwage hapo hapo mtoni, na ushushe tena. Mara ya tatu, ya nne, sio tatizo. Ikiwa nzuri, vuta maji ya juu polepole kwa mrija, alafu kwa kijiko cha chuma kisichoshika kutu chota sentimita 2 za juu, za katikati tu, usiguse lililokaa kwenye kuta. Fanya hivyo mara tatu au nne sehemu ile ile, changanya kwenye bakuli la chuma hadi rangi iwe moja, ndo ujaze chupa. Acha nafasi juu, maana tope likiganda linatanuka na kioo kinapasuka.

Andika harufu. Andika kama kuna mafuta yanang'aa juu. Piga picha na kibao cha namba ya kituo.

Kama swali lako ni historia basi hutaki kifaa cha kung'ata, unataka bomba la kuchukua mashapo kwa kina, unalikata vipande vya sentimita moja moja na kila kipande unakipa umri. Umri unapatikana kwa risasi-210, aina ya risasi yenye mionzi ambayo inapungua nusu kila miaka 22 hivi, na unathibitisha kwa siziamu-137 iliyodondoka toka kwenye majaribio ya mabomu ya nyuklia na kilele chake ni karibu 1963. Ukiona kilele cha siziamu kimekaa vizuri unajua tabaka hazijavurugwa. Ukiona kimetawanyika, minyoo au nanga za boti zimeshachanganya kila kitu na hiyo historia huna.

Na maabara lazima ipime kaboni ya kila sampuli, ile inayotokana na mboji. Tuseme kituo A kina PCB nanogramu 10 (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu) kwa gramu na kaboni asilimia 1, kituo B kina 30 na kaboni asilimia 5. Ukiangalia haraka utasema B ndo kibaya. Gawa kwa kaboni: A inakuwa 1000 kwa gramu ya kaboni, B inakuwa 600. Tope la B lina mboji nyingi tu ya kushikia, chanzo kinawezekana kiko karibu na A.

Hatua ya 5: Viumbe

Kwa wapenda mafuta hapa ndo penye jibu kubwa, maana kiumbe anakukusanyia. Kitu ambacho kwenye maji ni 0.05 ya nanogramu kwa lita unaweza kukikuta kwenye samaki nanogramu 5 kwa gramu, hiyo ni mara laki moja zaidi, na mashine inakiona bila shida. Historia yenyewe ya hizi kemikali imeandikwa na wanyama. Sören Jensen wa Sweden aligundua PCB kwenye mazingira katikati ya miaka ya 1960, alikuwa anatafuta DDT kwenye sampuli zake, tai akiwemo, akakutana na vilele vingine asivyovijua kwenye chati ya mashine. Na maganda ya mayai ya kozi na kipanga ndo yaliyoonyesha kwamba DDE, mtoto wa DDT, inayafanya kuwa membamba hadi mama akiyakalia yanapasuka.

Chagua kiumbe kwa sababu, sio kwa kuwa alinaswa. Kome ni wazuri mno kwa pwani na mito, hawahami, wanachuja maji mchana na usiku, na uwezo wao wa kuvunja hizi kemikali ni mdogo, ndo maana Edward Goldberg alipendekeza 1975 watumike dunia nzima na Marekani wanaendelea na mpango wao tangu 1986. Chukua kome wa urefu unaokaribiana, 25 au zaidi kwa kituo, wasafishe kwa maji ya pale pale, wachanganywe wawe sampuli moja. Fanya sampuli tatu za namna hiyo kwa kituo ili ujue tofauti ya ndani.

Samaki wanataka nidhamu zaidi. Spishi moja, urefu mmoja, msimu mmoja kabla ya kutaga, na ikiwezekana jinsia moja, maana jike akitaga anatoa sehemu ya mzigo wake kwenye mayai na unaweza kudhani mto umepona kumbe ulivua majike. Pima urefu, uzito, toa magamba au kijiwe cha sikio kwa ajili ya umri. Kwa PCB na DDT chukua mnofu, kwa PFAS chukua ini pamoja na mnofu na kama unaweza damu, kwa zebaki mnofu. Kisu na ubao viwe safi kwa kila samaki, foili mpya kila samaki, ila za PFAS ziingie kwenye polipropilini bila foili.

Mafuta ya kila sampuli lazima yapimwe, sababu ni ile ile ya kaboni kwenye tope. Samaki mwenye nanogramu 50 na mafuta asilimia 2 ana 2500 kwa gramu ya mafuta, yule mwenye 80 na mafuta asilimia 8 ana 1000. Ila usifanye hivyo kwa PFAS wala zebaki, hazikai kwenye mafuta, utatengeneza namba isiyo na maana. Na kama unalinganisha spishi tofauti au maziwa tofauti pima isotopu za nitrojeni, yaani uwiano wa nitrojeni nzito na nyepesi mwilini, kila ngazi ya mnyororo wa chakula unapanda kama 3.4 kwa elfu, ndo utajua samaki wako ana PCB nyingi kwa sababu ziwa ni chafu au kwa sababu anakula samaki wenzake.

Ndege, chukua yai moja tu kwa kiota, kwa kibali, na kama lengo linatimia kwa mayai yaliyoharibika ambayo hayataangua basi tumia hayo, ila yaandikwe tofauti maana yanakauka na namba inapanda, inabidi urekebishe kwa ujazo wa yai. Kanada wanafuatilia mayai ya shakwe kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini tangu 1974, na ukitazama ule mfululizo unaelewa kwa nini nasisitiza kitu kile kile kila mwaka.

Mamalia kama fisi maji, pomboo na nyangumi, usimuue yeyote kwa ajili ya hii kazi, naomba sana. Tumia waliokutwa wamekufa, au kipande kidogo cha ngozi na mafuta kinachochukuliwa na watu wenye mafunzo. Mzoga uliokaa siku nyingi juani umeshapoteza maji na mafuta yamebadilika, andika hali yake. Na kumbuka mama anapitisha mzigo kwa mtoto kupitia maziwa, mzaliwa wa kwanza anapata mwingi zaidi, kwa hiyo ndama anaweza kuwa na namba za kutisha na mama yake namba ndogo. Vaa glavu na barakoa kwenye kila mzoga, magonjwa ya kuambukizwa toka kwa ndege na mamalia yapo.

Hatua ya 6: Sampuli tupu na marudio

Kila siku ya kazi: sampuli tupu moja ya nje unayoifungua kituoni, moja ya safari ambayo haifunguliwi kabisa inaenda na kurudi, marudio moja (sampuli ya pili ya kituo kile kile) kwa kila sampuli kumi. Kwa mashapo, mimina maji safi au kimumunyishi juu ya kijiko na bakuli baada ya kuviosha, kusanya, pima, hiyo inakwambia kama unabeba uchafu toka kituo kimoja kwenda kingine. Anza na kituo unachodhani kisafi, malizia na kichafu.

Watu wakibanwa bajeti hizi ndo za kwanza kukatwa. Mimi ningekata vituo viwili kuliko kukata sampuli tupu.

Hatua ya 7: Kusafirisha

Maji kwenye barafu gizani na yafike haraka, kwa viuatilifu vya klorini maabara izitoe kemikali kwenye maji kwa kimumunyishi ndani ya siku 7. Mashapo na tishu kwenye friza digrii 20 chini ya sifuri. Lebo mbili, moja nje na moja ya karatasi iliyoandikwa kwa penseli ndani ya mfuko wa nje, na fomu inayosainiwa kila sampuli inapobadilisha mikono. Kwa samaki wa PFAS usitumie barafu ya kemikali ya jeli, tumia barafu ya kawaida kwenye mifuko.

Hatua ya 8: Ongea na maabara kabla, sio baada

Waulize maswali haya kwa simu na wakujibu kwa maandishi. Kiwango cha chini wanachoweza kupima kwa uhakika ni kipi, kwa kila kemikali, kwenye aina yako ya sampuli? Kama kikomo cha PFOS unachohitaji ni nanogramu 4 kwa lita, ambacho ndo Marekani ilikiweka kwa maji ya kunywa 2024, maabara inayoanzia 20 haikusaidii hata ikifanya kazi nzuri namna gani. Wanatumia viwango vya ndani vyenye isotopu nzito, yaani kemikali ile ile iliyowekewa alama na kuongezwa kwenye sampuli kwa kiasi kinachojulikana? Urejesho wao, yaani kiasi wanachokipata tena kati ya walichoongeza, huwa asilimia ngapi? Wanapima sampuli rejea yenye thamani inayojulikana kila wanapoendesha kundi? Kwa PCB watakupa aina moja moja (kila aina ina namba yake) au jumla tu? Taka moja moja, angalau zile saba za kawaida, 28, 52, 101, 118, 138, 153 na 180.

Mambo ya vipimo vidogo, ili uone ukubwa wa kazi: nanogramu 1 kwa lita ni sawa na gramu moja iliyoyeyushwa kwenye mabwawa 400 ya kuogelea ya Olimpiki. Ndo maana koti la mvua linaweza kuharibu kila kitu.

Hatua ya 9: Kusoma namba

"Haikuonekana" sio sifuri. Ukiandika sifuri unasafisha mto kwa kalamu, na ukiweka nusu ya kikomo cha mashine (kiwango cha chini inachoweza kuona) kila mahali unatengeneza mwelekeo ambao haupo, hasa kama maabara ilibadilisha mashine na kikomo kikashuka katikati ya miaka. Kama zisizoonekana ni chache nusu inavumilika, zikiwa nyingi tumia njia za takwimu za data zilizokatwa, yaani zile ambazo unajua tu namba iko chini ya kikomo, na kila mara andika kikomo pembeni.

Kemikali zenyewe zinasimulia zilikotoka. DDT ikizeeka inageuka DDE na DDD, kwa hiyo ukikuta DDT mama ni nyingi kuliko watoto wake shuku matumizi mapya au udongo wa zamani uliofukuliwa juzi. Dieldrini inaweza kuwa aldrini iliyobadilika. PCB zenye klorini chache huwa karibu na chanzo au zimekuja na hewa, wakati PCB namba 153 na 138 zinatawala kwenye wanyama wa juu maana hawawezi kuzivunja.

Ukilinganisha na viwango angalia kiwango ni cha nini. Ulaya kwenye sheria yake ya 2013 iliweka kiwango cha samaki cha PFOS mikrogramu 9.1 kwa kilo na zebaki 20, zebaki hiyo imewekwa kulinda wanyama wanaokula samaki, PFOS imewekwa kwa ajili ya watu, kwa hiyo usiyapange kwenye safu moja kama vile ni kitu kimoja.

Hatua ya 10: Kurudisha majibu, na kuweka akiba

Waliokuonyesha pa kuvua wapewe majibu kabla ya mkutano wowote, kwa lugha yao, na yenye kitu cha kufanya. Kwa PCB na dioksini kutoa ngozi, mafuta ya tumbo na kuacha mafuta yachuruzike wakati wa kupika kunapunguza. Kwa PFAS na zebaki hakusaidii, ziko ndani ya mnofu wenyewe, hapo ushauri ni spishi gani na mara ngapi. Usiseme "usile samaki" kwa watu ambao samaki ndo protini yao kama majibu yako yanahusu spishi moja kubwa.

Alafu kila sampuli uliyochukua, gramu 20 za tishu na chupa moja ya mashapo usipeleke maabara, ziweke friza. Sweden walikuwa wanahifadhi mayai ya ndege wa bahari ya Baltiki tangu mwisho wa miaka ya 1960 bila kujua PFOS ni nini, na watu walipoijua wakayafungua na kupata historia yote ya miongo mitatu. Ujerumani wanaweka zao kwenye mvuke wa nitrojeni chini ya digrii 150 chini ya sifuri tangu 1985. Wewe friza ya kawaida inatosha kuanzia, digrii 20 chini, ikiwezekana 80. Gawa vipande viwili: kimoja kwenye foili ndani ya kioo, kimoja kwenye polipropilini bila foili, ili ukoo wowote utakaotafutwa baadaye upate chombo chake. Andika spishi, tarehe, kituo na koordineti, urefu, uzito, jinsia, nani alichukua na kwa vyombo gani, na nakala ya hiyo orodha ikae nje ya hilo jengo.